Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama Wapiga Video za Michezo, Lamu

Ndugu wanachama, assalaam aleikum.

Hesabu za fedha atazisoma mweka hazina, nami nimezipitia. Nina jambo moja zito, nalo ni namna tunavyokata picha.

Vijana wetu wanaojirusha baharini kutoka gatini wamepiga hatua kubwa. Aliyekuwa akipiga pindu moja sasa anapiga mbili. Lakini tazameni klipu zetu za kaskazi iliyopita: mguu, povu, kisha muziki. Mruko wenyewe hauonekani. Niliketi barazani na mmoja wa vijana hao, nikampa simu aitazame video yake. Aliirudia mara mbili, akaniuliza, "Mbona hamkuonyesha nilivyoingia majini?" Nilinyamaza. Mkato ule niliufanya mimi.

Ndipo tukakusanyika jioni moja kutazama video za wanaoteleza kwenye theluji kwa mitindo huru. Wako waliouliza theluji na Lamu zinakutana wapi. Zinakutana kwenye mruko. Slopestyle, mchezo wao wa kuteremka mteremko wa theluji wenye vizuizi na majukwaa ya kurukia, ulioingia Olimpiki huko Sochi mwaka 2014, una mambo yetu yale yale: mtu anaruka, anazunguka, anatua, na muda wenyewe ni mchache mno. Mara nyingi mpiga picha wao naye yuko juu ya ski, zile mbao ndefu za kutelezea, anamfuata mchezaji kwa nyuma, kamera mkononi. Hazimi kamera mpaka mwenzake ametua na kuendelea na safari, maana majaji wa mchezo ule huhesabu na kutua pia. Kwetu, kutua ni kuingia majini. Kuanzia leo video yoyote inayotoka kwa jina la chama ionyeshe mbio, mruko na maji, bila mkato katikati.

La pili tulilojifunza ni mwanga. Theluji huidanganya kamera. Weupe ukijaa, mashine hudhani jua limezidi, ikapunguza mwanga, na theluji ikatoka ya kijivu, mtu naye akawa kivuli. Si ndiyo yanayotukuta kwenye mchanga wa Shela saa sita mchana? Ongezeni mwanga kidogo kwa mkono, msiiachie kamera iamue. Gatini afadhali asubuhi. Mji wetu umeelekea mashariki, jua likichomoza upande wa Manda linampiga mrukaji usoni. Jioni linakuwa nyuma ya nyumba zetu.

Mwendo wa polepole tumeutumia ovyo. Fremu, yaani picha moja moja za video, 120 kwa sekunde zikichezwa kwa 25, sekunde moja ya mruko inakuwa karibu tano, na pindu inaonekana vizuri hasa. Ila tukipunguza kasi hata ya mbio za kuelekea ukingoni, nguvu yote ya mchezo inakufa. Mwacheni akimbie kwa kasi yake, mpunguzeni akiwa hewani, mrudishieni kasi anapogonga maji. Na ile sauti ya maji isizimwe na muziki.

Kamera moja imeharibiwa na maji ya chumvi. Kila mtu apanguse kifaa kwa kitambaa kilicholoweshwa kidogo kwa maji yasiyo na chumvi siku ile ile, hata akirudi amechoka.

Droni isirushwe bila kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Mji Mkongwe uko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2001, na ndani ya nyua zile kuna mama zetu wanaoanika nguo. Wana haki ya stara.

Yule kijana nimemwomba aruke tena, naye amekubali. Tukutane gatini baada ya sala ya alfajiri, siku ya kwanza maji yatakapojaa saa hiyo. Kamera moja ikae pembeni kwenye stendi, ya pili iwe kwenye dau. Kuhariri nitahariri mimi, kijana mwenyewe akiwa ameketi kando yangu.