Ini jipya, mafigo yale yale

Ndugu Mhariri,

Assalaam alaykum. Akirudi mtu kutoka India alikopandikizwa ini, habari yake hukomea uwanja wa ndege: picha, shukurani, dua. Ami yangu naye tulimpokea hivyo hapa Wete. Tukasoma maulidi, tukala pilau, tukamhisabu kapona. Hakuna aliyeuliza habari za mafigo yake.

Dawa inayouzuia mwili usilikatae ini la mtu mwengine, mara nyingi takrolimasi, hubana mishipa midogo inayopeleka damu kwenye mafigo. Na kwa wengi ni dawa ya maisha. Utafiti wa Marekani uliochapishwa 2003 ulikuta kwamba katika kila watu 100 waliopandikizwa ini, wapatao 18 mafigo yao yalikuwa yameshindwa kazi kwa kiwango kikubwa ndani ya miaka 5. Mwenye sukari, mwenye presha, mtu mzima, aliyekuwa na homa ya ini aina ya C, au ambaye mafigo yalishatetereka kabla ya upasuaji, khatari yake ni zaidi. Kuyajua hayo ya kabla nako si rahisi. Kreatinini, taka ya damuni inayopimwa maabara kujua kazi ya mafigo, hutokana na misuli, na maradhi ya ini humkondesha mtu, basi ikawa chache. Karatasi inaweza kusema mafigo mazima nayo si mazima.

Ami alikuwa na presha, lakini kilichomponza ni goti. Likimuuma hununua diklofenaki duka la dawa, bila cheti wala kuulizwa. Dawa hiyo, na brufeni ni ndugu yake, huondoa kile kinachoiweka wazi mishipa ile ile ambayo takrolimasi inaibana. Miguu ilipoanza kuvimba, sisi nyumbani tukalaumu chumvi ya ng'onda! Tulipokwenda kupima, kreatinini ilishapanda.

Wauza dawa wetu basi waulize kwanza. Flukonazo ya fangasi, erithromaisini ya kuua bakteria, hata balungi, vyote hupandisha takrolimasi kwenye damu. Na familia zijue kwamba damu ya kupima kiwango cha dawa hiyo hutolewa kabla ya dozi ya asubuhi. Siye tukimmezesha kwanza, ndipo tunatoka. Tumevuka bahari mara mbili kwa majibu yasiyo na maana. Presha, sukari na mkojo vipimwe kwa ratiba, si mpaka mtu avimbe. Ila asije mtu akaacha dawa kwa khofu, ini likakataliwa. Daktari bingwa anaweza kupunguza dozi akaongeza dawa nyengine pembeni, na ndivyo alivyofanyiwa ami.

Sasa anatembea na karatasi yenye majina ya dawa zake kwenye mfuko wa kanzu. Juzi goti lilimuuma, akaitoa dukani. Kijana akaisoma, akarudisha vidonge kabatini, akampa panadoli.

Msomaji wenu,
Wete, Pemba