Dada, elfu tatu zako bado zimo katika bahasha

Dada yangu mpendwa,

Nakusalimu kwa heshima na upendo, nikitumai kwamba u mzima pamoja na watoto. Ninaiandika barua hii mbele ya watu kwa sababu simu zangu huzipokei, na niliyemtuma kwako mwezi wa Februari alirudi na jibu kwamba ulikuwa umelala, ilhali ilikuwa saa tano ya mchana. Najua binti yako husoma ninayoyaandika hapa. Mpwa wangu, ukifika sehemu hii, tafadhali msomee mama yako hadi mwisho wala usimrukishie mistari.

Leo ni Jumamosi usiku, na wiki yangu ya hesabu za mbio za farasi imekwisha. Daftari liko wazi kwenye meza ile ile, taa ni ile ile, na kiti alichozoea kukalia marehemu mumeo bado kimeegemezwa ukutani kwa sababu sijapata moyo wa kukikalia. Jumatatu niliandika matokeo ya Jumapili iliyopita, nani alimshinda nani na kwa urefu wa farasi wangapi, na kila mmoja alibeba kilo ngapi. Kadi ya mbio za kesho ilipotoka, nilisoma majina kwa kidole kama alivyonifundisha, nikashuka hadi mbio za nne, na hapo kidole kikasimama. Chini ya jina la farasi mmoja mchanga, dume, limechapwa jina la mama yake, na mama huyo ni yule jike wetu. Ninasema wetu ingawa hatukuwahi kummiliki hata ukwato mmoja. Mumeo alimlisha, alimsugua na kumtembeza kwa miaka sita, na hakuna mwenye mali aliyemjua kama alivyomjua saisi wake, yaani mtunza farasi.

Wewe unajua ni kwa nini nililifunga daftari nikatoka nje.

Nataka kwanza uelewe jinsi nilivyofikiri Jumapili ile uliponipa elfu tatu nikuwekee dau, maana hukunipa nafasi ya kueleza. Mbio zile hazikuwa kama Derby, mbio kubwa za mwaka, ambapo farasi wa miaka mitatu hubeba uzito sawa, majike wakipunguziwa kidogo, na aliye bora hushinda kwa ubora wake. Zilikuwa mbio za kusawazisha uzito. Yule anayepanga uzito anataka farasi wote wafike kwenye mstari kwa pamoja, kwa hiyo aliye hodari huongezewa vipande vya madini ya risasi chini ya tandiko na aliye dhaifu hupunguziwa, na sisi wenye madaftari tunakesha tukitafuta mahali alipokosea. Mimi huhesabu kwamba katika mita 1600 kilo moja ni sawa na urefu wa farasi mmoja hivi. Katika mbio fupi za mita 1000 inatakiwa karibu kilo moja na nusu ili kuuzuia urefu huo huo, na katika mita 2400 kilo nusu na ushei inatosha, kwa kuwa mzigo unaobebwa safari ndefu huchosha zaidi.

Farasi wako wa namba saba alikuwa ameongezewa kilo nne tangu ushindi wake wa mwisho. Tangu siku hiyo alikuwa amekimbia mara mbili na kumaliza wa sita mara zote mbili. Nilimweka kwenye mizani yangu Alhamisi, nikamrudia Ijumaa, na kila mara hesabu ilinipa jibu lile lile, kwamba angeshindwa na yule kipenzi cha wengi, farasi ambaye watu walitarajia ashinde, kwa urefu wa farasi watano au zaidi. Jumamosi alfajiri nilisimama kwenye uzio nikawatazama wakipashwa misuli, kwanza mwendo wa matiti, yaani mbio za polepole, kisha shoti, yaani mbio kamili. Niliona kwamba alikuwa akitupa kichwa upande, na farasi anayetupa kichwa namna ile ana jambo linalomsumbua. Yote hayo yameandikwa. Ukitaka, nitakuonyesha ukurasa wenyewe.

Halafu wewe ukaja Jumapili, wewe ambaye hukuwa umekanyaga uwanja wa mbio wa Ngong Road, Nairobi, tangu mazishi, ukiwa na lile gauni la kijivu. Ukanipa noti sita za mia tano zilizokunjwa ndani ya leso, ukasema, "Niwekee zote namba saba, ashinde, si nafasi ya pili wala ya tatu." Hukuniambia ni kwa nini. Ukaenda kuketi chini ya paa la jukwaa, pale pale mlipokuwa mkiketi.

Nilipanga foleni. Haya ninayasema mbele ya yeyote anayesoma, kwamba nilipanga foleni kwa nia ya kutimiza ulilonituma. Mbele yangu walikuwa watu wanne, kisha wawili, na muda wote huo nilikuwa nikikumbuka kwamba mkubwa wako alikuwa amerudishwa nyumbani kwa ajili ya karo, kwamba mwenye nyumba alikuwa amebisha mlango wako mara mbili mwezi ule, na kwamba elfu tatu hizo zilikuwa unga, mafuta na nauli ya wiki mbili. Nilipofika dirishani, niliweka dau langu mwenyewe la shilingi mia mbili kwa yule kipenzi cha wengi. Leso yako ilibaki mfukoni. Sikuiba, wala sikukopa hata shilingi kutoka humo. Niliamua kukutunzia, kama ambavyo ungenitunzia mimi ningekuja kwako nimevurugika nikitaka kuchoma fedha zangu.

Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha na nyasi zilikuwa zimelewa maji. Unakumbuka sauti yake, jinsi kwato zilivyokuwa zikitoa mlio wa kubandua tope badala ya kishindo. Walipoingia kwenye mnyooko wa mwisho, kipenzi chetu alikuwa mbele, na farasi wako alikuwa nyuma upande wa nje, peke yake, masikio yameelekea mbele kana kwamba ameitwa na mtu anayemjua. Wenzake walikuwa wakizama. Yeye alikuwa akipita juu. Alishinda kwa urefu wa farasi mmoja na nusu, na mimi nikageuka nikakuona umesimama, mikono kichwani, ukilia na kucheka, ukilitaja jina la marehemu.

Kutoka pale hadi nilipokufikia ni ngazi ishirini hivi. Sijawahi kupanda ngazi ndefu kama zile.

Nilikueleza. Sikukuficha, sikukwambia dirisha lilifungwa au foleni ilikuwa ndefu, ingawa uongo huo ulikuwa tayari ulimini. Nilitoa leso nikakurudishia. Ukaifungua juu ya ukuta ule mfupi wa zege, ukahesabu noti moja baada ya nyingine kwa sauti, mbele ya masaisi waliokuwa wakimjua mumeo, mbele ya yule mzee wa kuuza kadi, mbele ya watoto wa watu, kama mtu anayempekua mfanyakazi aliyeshukiwa. Moja, mbili, tatu, nne, tano, sita. Kisha ukazisukuma kwangu ukasema, "Hizi si zangu. Zangu ziko juu ya namba saba." Ukaondoka kwa miguu kuelekea barabarani na hukugeuka.

Hilo la kuhesabu, dada, ndilo ninaloshindwa kulisamehe. Ungenitukana ningevumilia. Ungenipiga kofi, wewe uliyenibeba mgongoni, ningeinamisha kichwa. Lakini ulinihesabia.

Baadaye nikasikia kwa watu kwamba umesema nilikunyima shilingi elfu thelathini na tatu, kwa kuwa ubao ulionyesha kila shilingi imezaa kumi na moja. Hapo lazima nikusahihishe, kwa sababu jambo hili limefika hadi kwa shangazi na linasimuliwa vibaya. Pale dirishani hatubeti na mtu anayetupa bei. Fedha zetu sote huingia chungu kimoja, wenyewe hukata sehemu yao, na kinachobaki hugawiwa walioshinda. Tuseme chungu cha mbio zile kilikuwa na shilingi 40,000, wakakata moja ya tano, zikabaki 32,000, na waliomwamini namba saba walikuwa wameweka 2,800 tu kwa jumla. Hapo ndipo kila shilingi huzaa kumi na moja na ushei. Sasa ongeza elfu tatu zako. Chungu kinakuwa 43,000, kinachogawiwa ni 34,400, lakini walioshinda sasa wana 5,800, na kila shilingi inazaa karibu sita. Dau lako lenyewe lingekata bei yako karibu nusu. Ungepata kama 17,800. Nilipiga hesabu ya namna hiyo usiku ule ule, nikairudia mara tatu, na kila niliporudia nilijiona nimepungukiwa na deni.

Naona nilichoandika hapo juu na ninaona jinsi utakavyolipokea. Sikusudii kupunguza. Nataka tu yasemwe yaliyo kweli.

Na kweli nyingine ni hii. Jina la mama yake, yule jike wetu, lilikuwa limechapwa kwenye kadi siku ile pia, herufi ndogo, chini ya jina la namba saba. Nililiona Alhamisi. Nililiruka kwa sababu nilikuwa nikitafuta kilo na urefu, na kwa sababu mwana mmoja wa jike yule tuliyemwona awali hakufaa kitu. Wewe huna daftari, lakini ulikuwa umelala kando ya mtu aliyekuwa akirudi usiku akinuka nyasi kavu na mafuta ya ngozi, akikueleza kwamba jike yule ana kwato pana kama sahani, kwamba kwenye tope hutembea wakati wenzake wanachimba, na kwamba akizaa, wanawe watarithi miguu. Hayo hayaandikwi kwenye matokeo. Mimi nilikuwa nimekaa naye meza moja miaka yote hiyo nikimuuliza habari za uzito, sikumuuliza habari za kwato.

Lakini mbona hukuniambia? Ungesema neno moja tu, "ni mwana wa yule jike", ningeweka elfu tatu zako na nguo zangu juu yake. Ulinyamaza kana kwamba ulikuwa unanijaribu. Huenda ulidhani kwamba ningelijua bila kuambiwa, na nikiwaza hivyo sina la kujibu.

Baba alipenda kutupitisha Race Course Road, kule karibu na Kariokor, akituonyesha maduka na magari na kusema kwamba hapo ndipo farasi walipokimbia kabla ya uwanja kuhamishiwa Ngong Road mwaka 1954. Wewe ulikuwa ukifumba macho ukidai unawasikia. Mimi nilikuwa nikitaka kujua mstari wa mwisho ulikuwa wapi hasa. Nimelikumbuka jambo hilo mara nyingi wiki hii.

Uwanjani nafasi yako ipo. Jukwaa si kama zamani, vijana wengi wamehamia mikeka ya mpira, dau za mechi kadhaa kwa pamoja, ambayo wanaijaza simuni bila kumwona mchezaji hata mmoja, lakini masaisi wa rika la mumeo waliobaki huniuliza habari zako kila Jumapili. Nawajibu kwamba hujambo. Yule mzee wa kadi alinitunzia kadi mbili juzi badala ya moja, bila kusema neno.

Ushauri wangu kama mdogo wako ni kwamba usiweke tena fedha za unga juu ya farasi, awe mwana wa nani. Nilikuwa sahihi kuhusu hilo siku ile na ni sahihi leo. Elfu tatu ilikuwa nyingi mno kwako. Ningekuwa na ujasiri ningekuwekea mia tatu na kukurudishia zilizobaki, na huenda tungekuwa tukizungumza. Hilo nililifikiria nikiwa kwenye foleni. Sikulifanya kwa sababu niliamini kwamba hata mia tatu zingepotea, na nilitaka baadaye unishukuru kwa zote.

Huyu mdogo wake yule namba saba, wa mbio za nne kesho, amepewa kilo 53 kwa mita 1800. Hajashinda bado. Hesabu yangu inamweka wa nne. Mawingu yamekaa juu ya vilima vya Ngong tangu alasiri, na nimetoka nje mara mbili kuyatazama.

Noti zako sita sikuzitumia hata siku ile nilipokosa nauli. Zimo katika bahasha ya rangi ya kaki, ndani ya daftari, zikiwa zimekunjwa ulivyozikunja. Mbio za kwanza ni mchana, nami nitakuwa pale tangu saa sita. Piga simu, au mwambie binti yako apige, unitajie namba na kiasi. Nitasimama dirishani nikiseme ulichokisema, hata kama ni farasi niliyemfuta kwa kalamu nyekundu, na tikiti nitakuletea mwenyewe jioni, iwe imeshinda au imeshindwa.

Ni mimi, mdogo wako.