Salamu za Mwaka Mpya 2026, na Swali la Kidonge cha Asubuhi

Ndugu, jamaa na marafiki, wana ukoo mlioko nyumbani na mlioko mbali, wana usharika, majirani, na wote tuliojuana katika pilikapilika za maisha, nawasalimu katika jina la Bwana wetu Yesu Kristo. Heri ya Mwaka Mpya 2026! Tumshukuru Mungu aliyetuvusha. Wapo tuliokula nao Krismasi ya 2024, tukacheka nao, tukaagana nao kwa "tukijaliwa mwakani", na hii ya 2025 haikuwakuta. Hatukuwashinda kwa wema. Ni neema tu.

Salamu zimechelewa, naomba radhi. Miaka yote zilikuwa zinawafikia tarehe 1 asubuhi, hata chai haijanywewa. Aliyeziandika ni kaka, mimi kazi yangu ilikuwa kuzisambaza. Sasa kaka hayupo, na ninayemfuata kwa kuzaliwa ni mimi. Nimeanza mara tatu nikaacha. Hii ni ya nne, na nikiteleza mahali mtanisamehe.

Mwaka uliopita ulikuwa mzito, na kila nyumba ina lake. Kuna mliofiwa mwishoni mwa Oktoba, na najua kwenu sikukuu ilipita mlango ukiwa umefungwa. Tunawakumbuka katika maombi, na tunaendelea kuliombea taifa letu amani ya kweli, ile ya mzazi kulala usingizi akijua watoto wote wamerudi. Kuna waliosimamishwa kazi. Kuna mama mmoja wa jumuiya yetu aliyeuza cherehani yake ili mtoto asirudishwe shule. Mafuta ya kula tunapimiwa kwa kikombe, na buchani siku hizi mtu anaagiza robo bila kuona haya, kwa sababu hata aliye nyuma yake kwenye foleni amekuja kuchukua robo. Wengine Krismasi hii hawakupanda kwenda nyumbani Kilimanjaro kabisa. Wakasema kazi zimewabana, na sisi tukaitikia kwamba kazi zimewabana, maana nauli ya watu watano kwenda na kurudi tunaijua sote. Msione vibaya, wapendwa. Mungu wa Machame ndiye huyohuyo wa Mbagala. Na Januari hii nayo imekuja na mambo yake: ada, sare, madaftari, na mwenye nyumba anayetaka kodi ya miezi sita kwa mpigo. Mtu akikwambia "tutafutane Februari", mwelewe.

Sisi tulijaliwa kwenda. Tulifika usiku wa tarehe 23, tumechoka, watoto wamelala mmoja juu ya mwingine tangu Same. Asubuhi mlima ulikuwa wazi, Kibo yote inaonekana, na wifi alikuwa ameshafagia makaburi kule kwenye migomba. La baba na la mama yana vigae. La kaka bado ni udongo, na umeanza kushuka upande wa kichwani. Maandishi ya rangi nyeupe kwenye msalaba wa mbao yameanza kupauka kwa mvua. Nilisimama pale nikiwa na ufagio wa pili mkononi, na hapakuwa na cha kufagia.

Tarehe 26 tulichinja, kama kawaida yetu. Kisu alishika mwana wa kwanza wa kaka, ana miaka 19, na alijitahidi sana. Ilipofika kwenye kugawa, alisimama ameshika kidari kwa mikono miwili, hajui ampe nani. Miaka yote kilikuwa fungu la baba yake. Watu wazima tulikuwa zaidi ya kumi pale uani na hakuna aliyetoa neno. Kisusio, ile supu yetu ya damu, kilianza kupoa. Baba mdogo ndiye aliyetuokoa, akamwambia kwa upole, "Mpelekee mama yako." Mtoto akaondoka nacho kwenda jikoni, na mbege, pombe yetu ya ndizi, ikazungushwa kimyakimya. Kata ilipofika kwenye kigoda cha kaka, ilipita.

Jioni wifi akaniita chumbani tupange nguo za marehemu. Ndipo nilipolishika lile koti lake la kijivu la ibadani, mlioabudu naye mnalijua. Mfuko wa kushoto ulikuwa na leso na bahasha ya ahadi ambayo hakuwahi kuirudisha. Mfuko wa kulia ulikuwa na pakiti ya vidonge vya presha. Vidonge kumi, vitatu vimetolewa, saba vimo. Wifi akaenda kabatini, akaleta daftari lake la kliniki. Mara ya mwisho kuandikwa ilikuwa Desemba 2024: 170 kwa 105. Kurasa zote zilizofuata ni nyeupe.

Koti hilo alilivaa kwenye mkesha wa kuingia 2025. Nilikaa naye benchi moja. Tulialikwa na jamaa mahali fulani, kulikuwa na mhubiri mgeni, na ilipokaribia saa sita usiku akatutaka kila mtu aushike ugonjwa wake na kuuacha mwaka wa zamani. "Umeponywa, pokea!" Kaka akainua mikono yote miwili, akasema napokea. Mimi nikasema amina, tena kwa sauti. Niseme haki: hakuna aliyemwambia atupe dawa. Lakini pia hakuna aliyemwambia aendelee nazo. Akarudi nyumbani akijiona mzima, akalima, akapalilia kahawa, akabeba mawe ya msingi wa banda, na hakuumwa hata kichwa, kwa sababu presha kwa kawaida haiumi. Mwezi wa nane, asubuhi ya Jumanne, alikuwa anakata majani ya ng'ombe, panga likamdondoka. Akaliokota, likamdondoka tena. Nyumbani walimkanda kwa maji ya moto, wakaombea, wakasubiri, na masaa mawili yakapita kabla hajatafutiwa gari. Alikaa siku nne hospitalini. Alikuwa na miaka 54.

Sasa nifike kwenye lile lililokuwa linanifanya nifute salamu hizi kila nikizianza. Pasaka ya 2025 nilikwenda nyumbani. Asubuhi tulikunywa chai naye, mimi nimekaa mbele yake, na niliona kwamba hamezi kitu. Zamani kidonge kilikuwa pembeni ya kikombe, kwenye kisosi, sasa kisosi ni kitupu. Nilitaka kuuliza. Swali lilifika mdomoni kabisa. Lakini yule ni kaka mkubwa, ndiye aliyenilipia ada baada ya baba kututoka, na watoto wake walikuwa wamekaa pale. Niliona nitamvunjia heshima. Nikamuuliza habari za ng'ombe.

Angekuwa hai ningemshikia isale, jani ambalo sisi Wachaga tunamshikia mtu tukimwomba msamaha. Tarehe 27 alfajiri, kabla ya safari ya kurudi Dar, nilichuma jani pale mpakani, nikalifunga fundo, nikaliweka juu ya ule udongo unaoshuka. Mchungaji wangu akisoma hapa atanielewa.

Wapendwa, mimi si mhubiri, ila mwaka umeanza na kila mtu ana neno la mwaka, basi hili ndilo langu. Mnamkumbuka mfalme Hezekia. Aliugua hadi kufa, Isaya akamwambia atengeneze mambo ya nyumba yake. Akageuza uso ukutani, akaomba, akalia sana, na Mungu akamwongezea miaka 15. Mikesha mingi huishia hapo, watu wanasimama, wanapiga makofi, kila mmoja anadai miaka yake 15. Lakini sura haijaisha! Isaya huyohuyo aliyeleta neno la uponyaji ndiye aliyeagiza uchukuliwe mkate wa tini uwekwe juu ya jipu. Tayari Mungu ameshasema utapona, na bado jipu likawekewa dawa. Hezekia hakusema kuwekewa tini ni kukosa imani. Basi sisi tumetoa wapi mafundisho ya kwamba anayemeza kidonge anamtilia Mungu shaka? Aliyeandika Injili ya Luka, Paulo anamwita tabibu mpendwa. Hakumwambia aache utabibu ndipo ahubiri. Omba, funga, kesha, toa sadaka ya shukrani, na asubuhi meza dawa yako kwa maji, ukimshukuru Mungu aliyempa mtu akili ya kuitengeneza.

Na kama hujui presha yako, ijue mwezi huu. Hata duka la dawa la mtaani wengi wana mashine. Kaa kwanza dakika tano umetulia, mkono juu ya meza, usizungumze, na upimwe mara mbili. Ikisoma 140 kwa 90 au zaidi, na siku nyingine ikarudi hivyohivyo, usijipe moyo kwamba ni uchovu wa safari. Nenda kwa daktari. Ukishaanzishiwa dawa na presha ikashuka, imeshushwa na dawa, kwa hiyo usiiache mpaka aliyekuandikia aseme. Chumvi tupunguze. Shirika la Afya Duniani linasema isizidi gramu 5 kwa siku, kijiko kimoja cha chai, na hapo imehesabiwa chumvi yote, ya kwenye nyama, ya kwenye kachumbari, ya kwenye mkate. Sisi tunaokula kiburu, zile ndizi na maharage, tukumbuke kwamba magadi nayo yana ileile sodiamu iliyo kwenye chumvi. Tutembee, hata kama ni kushuka kituo kimoja kabla ya nyumbani. Na mtu akipinda mdomo, mkono ukalegea au maneno yakaanza kukwama, gari litafutwe saa ileile, maombi yafanyikie njiani. Mungu anasikia hata ndani ya bajaji.

Mwaka huu Kwaresima na Ramadhani zinaingia wiki moja. Jumatano ya Majivu ni tarehe 18 Februari, na mwezi wa ndugu zetu Waislamu unatarajiwa kuandama siku hizohizo. Jirani yangu mmoja, bibi mwenye sukari, ameniambia anataka kumwona daktari wake kabla Shaabani haijaisha, apangiwe namna ya kufunga, na akiambiwa asifunge atakula, kwa sababu dini yake imempa mgonjwa ruhusa hiyo. Alilisema kwa utulivu kabisa huku anachambua mchele. Nilimwonea wivu kwa utulivu ule. Sisi tunaofunga Kwaresima tukiwa na dawa mikononi tufanye kama yeye, tuulize mapema.

Kwa wazee wetu nina ombi moja, kwa heshima zote. Turuhusuni tuwaulize. Na kwenu wadogo zangu na wanangu: Krismasi tunaulizana kila kitu, ploti imefikia wapi, kahawa imetoa debe ngapi, fulani anaoa lini. Tuongeze na hili. Ukimpigia mzazi, ukimaliza shikamoo, uliza kidonge. Akikasirika, akasirike akiwa hai.

Nawatakia mwaka wa baraka, amani, afya njema na mafanikio. Bwana akawabariki na kuwalinda, akazibariki kazi za mikono yenu, akawafungulie milango wale mnaotafuta kazi na watoto, akawafariji mliofiwa. Wanafunzi, mkasome kwa bidii. Wagonjwa, mkapone. Wasafiri, mfike salama. Waislamu wote, Mungu awafikishe Ramadhani mkiwa wazima. Wifi, wewe na watoto hamko peke yenu, na kaburi tutalijengea pamoja mvua zikikatika.

Jana usiku nilimpigia baba mdogo. Ana miaka 71 na amekuwa wa presha tangu sijaolewa. Nilimwamkia, nikamuuliza hali ya shangazi, nikamuuliza hali ya ng'ombe, kisha nikavuta pumzi nikasema, "Baba, na kidonge cha asubuhi umemeza?" Alikaa kimya mpaka nikadhani simu imekatika. Halafu nikasikia droo inafunguliwa.

"Nilikuwa nimesahau," akasema. "Subiri nichukue maji."

Nikasubiri. Nilisikia kikombe kinarudishwa mezani. "Haya, tayari. Na wewe, mwanangu, umepima lini?"

Nitapima Jumatatu.