Barua kwa mwanangu, uisome ukishavuka kutoka Amu (Lamu) kwenda Mokowe

Mwanangu,

Assalaamu alaykum. Nakuandikia kwa simu alfajiri hii, wewe umelala na begi lako liko mlangoni, na ntaituma ukishapanda boti manake nikikwambia uso kwa uso tutateta tena. Ya Jumapili tulipogombana siyarudii, unayajua. Nataka kitu kimoja tu. Ukifika Witu nipigie, ukifika Garsen nipigie, Malindi nipigie, na usije ukanambia ati mtandao ulikuwa mbovu.

Kile kitabu cha Requiem, cha tatu cha yule mwandishi wako Lauren Oliver, ulichokirusha kutoka darini kwa hasira ya mwisho wake, nilishuka nikakiokota. Punda wa watu alikuwa ashakikanyaga, jalada lina alama ya kwato mpaka leo, nikakipangusa nikakianika alafu nikakaa nacho nikakisoma. Usishangae. Kingereza changu unakijua kilivyo, naenda pole pole na kamusi yako ya shule, lakini vile viwili vya mwanzo nshavimaliza zamani, na kile cha pili ulichokitafuta mwezi mzima ukamtukana nduguyo, basi nduguyo hakuwa na kosa. Kilikuwa chini ya godoro la wageni. Niliona ni cha mapenzi nikasema hebu nijue huyu anasoma nini, kisha ikawa siwezi kukirudisha kabla sijajua kama yule Alex, mpenzi wa yule msichana Lena, yuko hai.

Kwa hivyo najua unalilia nini. Kile cha kwanza, Delirium ile ya 2011, ilikuwa tamu wallahi, nchi nzima imeamua mapenzi ni maradhi, mtu akifikisha miaka 18 anapasuliwa ubongo apone, na huo mji wenyewe, Portland huko Maine, ni mji wa bandari, mimi nilikuwa nauona kama Amu yetu imezungushwa ua wa stima. Cha pili, Pandemonium, ikaishia pale pale aliyedhaniwa kafa anatokea, roho ikanipaa. Sasa hii Requiem ya 2013, huyu Lauren Oliver sura moja anampa Lena, sura ya pili anampa Hana, rafikiye Lena, anayeolewa na meya, mwisho watu wanabomoa ukuta na kitabu kimekwisha. Vita nani kashinda? Yule Julian maskini, mpenzi wa pili wa Lena, aende wapi? Nilipindua nikadhani ukurasa umeliwa na punda.

Lakini ukisema Hana ndiye aliyeharibu kitabu hapo sikubaliani nawe. Hana kashatibiwa, na bado lile la kumchongea mwenziwe Lena linamla. Sura zake ndizo zilizonikesha. Kilichonikera mimi ni mamake Lena. Mtoto kaambiwa mama kajiua, kumbe mama yuko jela miaka yote anachokoa ukuta kwa kidani cha mumewe mpaka akapata pa kutokea. Nikataka kujua kazi hiyo ikoje, nikachukua kijiko nikakwangua ukuta wetu pale chini ya zidaka, dakika kumi hivi, ikanitoka chokaa ya kiganja kimoja kama unga wa mahamri na mkono ukanifa ganzi, na ukuta wetu ni wa mawe ya matumbawe, laini ule. (Babako akikuuliza hilo shimo sema hujui.) Mwanamke wa kazi kama hiyo aje akutane na mwanawe mwisho wa hadithi na wapewe nafasi kidogo vile? Nilikasirika. Alafu nikafikiria, pengine ni kweli, mama anaweza kungoja miaka na siku ya kuonana akatoa neno moja tu, umekonda.

Mimi nilipofikisha 18 wewe ulikuwa ushanikaa tumboni. Haikuitwa tiba, ila hakuna aliyeniuliza. Basi nilipokwambia nenda na vitabu vyako vya upuzi, si vitabu nilivyokuwa nikivisema. Haya tuyawache.

Eldoret kuna baridi, lile sweta la kijani livae hata kama hulipendi. Beseni lako usimwazime mtu. Pesa pia. Bibi yako tangu matokeo yatoke hakuna mgeni anayeingia hapa asiambiwe kuwa mjukuu wake aenda kusomea uuguzi, juzi kamwambia mpaka muuza samaki, na muuza samaki kasema mashallah lakini bei hakupunguza. Sasa anauliza nani atamtia dawa ya macho, nduguyo anaitia puani. Na wewe ukiwa huko ujifunze kuosha sufuria usiku huo huo, hapa nimekuosheeni nyote mpaka mmeharibika, gesi yenyewe imekwisha jana na hakuna aliyenambia, nimewasha makaa saa kumi na moja alfajiri na fundi wa makuti anakuja leo na hajalipwa za mwanzo.

Barabara ile unaijua, siku nyingine magari yanangoja polisi ndio yaondoke pamoja, na simu ikinyamaza kuanzia pale mji wa Hindi njiani mimi huku naanza kujiandikia mwenyewe sura zilizobaki, na zangu ni mbaya kuliko za huyo mwandishi. Usiniwache na mwisho wa namna hiyo. Ukiwa huna salio nifleshi, mlio mmoja tu, ntajua ni wewe. Kisha Mombasa ukifika kwa ami yako mpe simu niongee naye.

Vitabu vyote vitatu nimekutilia chini ya shuka, hata kile cha punda, usije ukakitupa huko ugenini. Juu yake kuna chupa ya achari ya ndimu, nimeifunga nailoni mbili lakini kifuniko chake ni kibovu. Begi usililaze.

Mamako