Alicheka majani yangu yakiungua

Shikamoo Anti,

Naandika saa tisa usiku, sijapata hata lepe la usingizi. Mambo ya ukweni unayajua, sina haja ya kueleza sana.

Jumapili mama mkwe aliwashia jiko la mkaa kwa magazeti yangu. Ndani yake nilikausha sampuli 32 za mimea, kazi ya muhula mzima. Simlaumu, ni mtu mzima, aliona karatasi kuukuu. Ila mume wangu alikuwepo na anajua ni nini. Akacheka. "Si majani tu hayo, mke wangu?" Mbele ya mawifi zangu.

Majani gani, Anti? Mikoko ya Kunduchi niliifuata kutoka Mbagala, daladala mbili, nikazama topeni hadi magotini maji yalipokupwa. Mchu, mlilana, mkandaa. Jani la mchu ukililamba lina chumvi, maana mti unaitolea humo chumvi ya bahari. Wiki mbili nzima zilikuwa chini ya godoro, kila siku nabadilisha magazeti zisiote ukungu. Godoro hilohilo analolalia yeye! Leo ni majani tu.

Nina miaka 37, nasoma stashahada chuo cha kati, ada nalipa kwa hela yangu ya upatu. Sijaacha kupika hata siku moja. Watoto wanakwenda shule wasafi. Asije akasema nimeitelekeza nyumba.

Alhamisi darasa letu linakwenda Amani, kule Muheza, kwenye bustani ya mimea waliyoianzisha Wajerumani mwaka 1902. Siku nne. Kuna lile ua dogo la zambarau wanalolipanda madirishani Ulaya, kumbe kwao ni hukohuko, milima ya Usambara. Nataka nilione kwao. Nimeshamwambia mume wangu nakwenda msibani. Najua si vizuri kuzua kifo, lakini ningesema kweli angecheka tena, na kile kicheko siwezi kukisikia mara mbili.

Sitaki aniombe radhi, yameshaungua. Lakini angesema pole tu, pole moja, ningemwambia kweli usiku uleule. Sasa niende hivihivi, au nimwambie kabla ya Alhamisi, akikataa nibaki?

Na nikirudi na mimea mipya niiweke wapi, Anti? Mama mkwe bado yupo hadi mwisho wa mwezi.

Mama wa wawili, Mbagala