Msifute kompyuta kwa kosa la kiendelezi

Kwa Mhariri,

Firefox, kivinjari cha intaneti, ikikwama kwenye kompyuta ya Linux, mafundi wengi hapa Nairobi hukimbilia kuiondoa na kuiweka upya, au kufuta diski nzima. Mteja analipa, na tatizo linabaki. Ukiiondoa kwa apt (amri ya Linux ya kuweka na kuondoa programu), viendelezi, yaani programu ndogo zinazoongezwa kwenye kivinjari, havitoki, maana vinakaa kwenye folda ya mtumiaji: ~/.mozilla/firefox, au ~/snap/firefox/common/.mozilla/firefox kwa Firefox inayokuja na Ubuntu 22.04. Hata diski ikifutwa, mteja akiingia tena kwenye akaunti yake ya Mozilla, watengenezaji wa Firefox, inayosawazisha viendelezi, kile kibovu kinarudi naye.

Kama shida ni fomu moja tu, tuseme ya iTax (tovuti ya kodi), ambayo kitufe chake hakiitiki, ifungue kwenye dirisha la faragha kwa Ctrl+Shift+P. Viendelezi havifanyi kazi humo mpaka uviruhusu. Fomu ikikubali, mkosaji huenda ni kiendelezi, mara nyingi kizuia-matangazo.

Kivinjari kizima kikiwa kizito, kifunge, kisha andika kwenye terminali (dirisha la kuandikia amri): firefox --safe-mode. Viendelezi vyote vitazimwa bila kufutwa. Lakini hapa ndipo wengi wanapokosea: hali hiyo huzima pia msaada wa kadi ya michoro, na dereva mbovu wa kadi (programu inayoiendesha) huleta dalili zile zile. Kwa hiyo wepesi ukirudi, bado hujathibitisha lolote. Fungua Firefox kama kawaida, bonyeza Ctrl+Shift+A, uzime viendelezi kwa mkono. Vikiwa 8, zima 4. Nusu yenye shida igawe tena. Majaribio matatu yanatosha kumpata mkosaji. Ila vizuia-matangazo viwili vikigombana, kila nusu peke yake itaonekana nzima. Hapo bakisha kimoja.

Kiendelezi kisichokubali kuondolewa kimewekwa kwa amri ya msimamizi. Andika about:policies kwenye upau wa anwani wa Firefox uone, kisha utafute /etc/firefox/policies/policies.json na kufuta mstari wake kwa sudo (amri ya kupata mamlaka ya msimamizi). Kwa kompyuta za saiba (vibanda vya intaneti), ambako watu huandika nywila za eCitizen (tovuti ya huduma za serikali) na za benki, faili hiyo ikaguliwe kabla ya kingine chochote: kiendelezi chenye ruhusa ya kusoma data ya tovuti zote huweza kuziona nywila hizo zikiandikwa.

Fundi wa kompyuta,
Ngara, Nairobi