Nyota za shule Marekani zisiwapoteze wazazi

Ndugu Mhariri,

Makala yenu kuhusu familia zinazohamia Marekani ilikuwa na mengi ya manufaa, ila kuna ushauri mmoja siwezi kuunyamazia. Mliwaambia wazazi watafute kwanza wilaya ya shule (eneo lenye shule zake za umma, ambamo watoto husoma kulingana na wanakoishi) yenye alama za juu, ndipo watafute nyumba. Mimi ni mkalimani wa Kiswahili katika sekondari za umma hapa Ohio, na ninawaona wazazi wanavyohangaika kwa ajili ya ushauri wa namna hiyo.

Jimbo hili hutoa ripoti ya kila shule ya umma kila mwaka, na tangu 2022 alama zake ni nyota, moja hadi tano. Mzazi akiona nyota mbili anaamini walimu ni wazembe. Nilikaa na baba mmoja, Mkongo aliyekulia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu kule Kigoma, akinionyesha kwenye simu ripoti ya shule ya binti yake, yenye nyota mbili. "Dada, hapa mwanangu atapotea," akaniambia. Alikuwa tayari kuhamia kitongoji chenye shule ya nyota tano, ambako pango lingemlazimu kuongeza zamu ya usiku juu ya ile ya mchana.

Tukaifungua ripoti yote. Zile nyota mbili zilikuwa za ufaulu, yaani mtoto amesimama wapi siku ya mtihani. Chini yake kuna kipimo kingine, cha maendeleo: mtoto amesogea kiasi gani kutoka alipokuwa. Hapo shule ile ilikuwa na nyota nne. Walimu wanaompokea kijana asiyejua sentensi ya Kiingereza na kumfikisha mahali pa kuandika insha wanafanya kazi kubwa, hata kama insha yenyewe bado iko chini ya kiwango cha jimbo.

Kisha tukatafuta mstari wa wanafunzi wanaojifunza Kiingereza. Kwenye shule ya binti yake ulikuwa umejaa takwimu. Kwenye ile ya kitongoji palikuwa patupu, kwa sababu kundi lenye wanafunzi chini ya 10 matokeo yake hayatangazwi, ili mtoto mmoja mmoja asitambulike. Nikamwambia baba yule: huko unakotaka kwenda, ripoti haikuambii lolote kuhusu mtoto kama wako. Nyota zile tano ni za watoto wengine.

Kuna pia hesabu ya wahitimu, na hii huniuma zaidi. Kipimo kikuu kinahesabu waliomaliza sekondari kwa miaka minne, darasa la 9 hadi la 12. Kijana aliyefika akiwa na miaka 16, akasoma miaka mitano na kupata cheti chake, kwenye hesabu hiyo anawekwa kundi moja na waliokatiza masomo. Ohio huonyesha pia hesabu ya miaka mitano. Muitazame.

Kwamba alama hufuata hali ya nyumbani si jambo jipya. Mwanasosholojia James Coleman aliongoza utafiti wa wanafunzi wapatao 600,000 nchi nzima, na ripoti yake ya 1966 ilionyesha kwamba hali ya familia ilikuwa na uzito kuliko tofauti ya rasilimali kati ya shule. Hapa kwetu kuna na la fedha: sehemu kubwa ya pesa za shule hutoka kwenye kodi ya majengo, hivyo mtaa wa nyumba ghali una uwezo wa kuchanga zaidi. Mahakama ya juu ya Ohio ilisema mwaka 1997, katika kesi ya DeRolph, kwamba kuitegemea mno kodi hiyo kulikiuka katiba ya jimbo, na ikarudia msimamo huo baadaye. Wazazi wanaolipa pango kubwa ili wapate nyota, kwa kiasi kikubwa wananunua kipato cha majirani.

Hata asilimia ya wanafunzi maskini isomwe kwa makini. Shule inayowapa wote chakula cha bure chini ya mpango wa serikali kuu inaweza kuwahesabu wote kuwa maskini, wakiwemo wasio maskini.

Sisemi kila shule ya nyota chache ni nzuri. Ikiwa ufaulu uko chini na maendeleo nayo yako chini, miaka mitatu mfululizo, mzazi ana haki ya kuondoka, na mimi mwenyewe ningeondoka. Lakini kabla ya kufungasha aende shuleni aulize: mna walimu wangapi waliosomea kufundisha wageni wa lugha? Mwanangu atakaa nao saa ngapi kwa siku? Haya si maombi ya hisani. Mahakama ya juu ya Marekani iliamua tangu 1974, katika kesi ya Lau, iliyohusu wanafunzi Wachina wa San Francisco, kwamba kumweka mtoto darasani asielewe lugha bila kumsaidia ni kumbagua.

Mkiirudia mada hii, naomba muwaambie wasomaji kwamba shule ya umma inawajibika kumpatia mzazi mkalimani bila malipo. Wasikubali mtoto ageuzwe mkalimani wa kikao kinachomjadili yeye mwenyewe.

Mkalimani wa shule,
Ohio, Marekani